Kibonzo, Kikaragosi na Kashfa: Kazi za Gado kwa Jicho la Istilahi

Mchoraji wa magazetini hushika kalamu kama mwandishi, hutoa hoja kama mwandishi, na hulaumiwa kama mwandishi. Hata hivyo mhakiki wa Kiswahili atakaye kuipima kazi yake hujikuta ana maneno machache mno. Kwa shairi tunayo mizani, vina, kituo, ukwapi na utao. Kwa riwaya tunao usimulizi, msuko na uhusika. Kwa kibonzo aghalabu twasema kwamba kinachekesha, au kwamba kinaudhi, na hapo maneno hutuishia. Upungufu huu si wa wahakiki peke yao. Humfikia mfasiri anayepewa kitabu cha vibonzo, mwalimu anayekiweka kibonzo mbele ya wanafunzi wake, na mtumishi wa Serikali anayetakiwa kuandika barua kuhusu mchoro uliomkera mkubwa wake.

Makala haya yanazichunguza kazi za msanii mmoja, Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye na wengi kwa jina la Gado. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, yeye ni mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefanyia kazi Nairobi kwa zaidi ya robo karne, na kwa hiyo amesomwa pande zote mbili za mpaka. Pili, ametembea karibu njia zote za sanaa hii: kibonzo cha gazeti, hadithi ya picha, na vikaragosi vya televisheni. Atakayemhakiki barabara hana budi kuzitenga njia hizo, na hawezi kuzitenga asipokuwa na majina yake.

I. Jina la sanaa yenyewe

Tuanze na neno katuni. Tumelipata kwa Waingereza, nao wana asili yake katika Kiitalia, ambako lilikuwa na maana ya karatasi nzito. Wachoraji wa kuta za makanisa na majumba walichora kwanza rasimu kamili juu ya karatasi hiyo, kisha wakaihamishia ukutani. Kwa hiyo maana ya awali ya katuni katika sanaa ilikuwa rasimu. Mwaka 1843 gazeti la dhihaka la Punch, mjini London, liliyafanyia mzaha maonyesho ya rasimu za michoro iliyokusudiwa kuta za Bunge jipya, likakiita kwa jina hilo hilo kibonzo chake lenyewe. Mzaha ukapita, jina likabaki. Katoni tunayofungia sabuni na maziwa nayo imetoka katika shina hilo hilo la karatasi nzito. Hivyo katuni na katoni ni ndugu, ingawa katika Kiswahili hawajuani.

Historia hii yatufundisha kwamba istilahi hata huko ilikotoka haikuzaliwa kwa mantiki kamili. Kwetu neno katuni limebeba mizigo mingi zaidi. Mtoto akisema anatazama katuni, maana yake ni filamu ya michoro. Mhariri akisema katuni ya leo imechelewa, maana yake ni mchoro mmoja wa ukurasa wa maoni. Muuza vitabu akisema ana katuni za kuuza, huenda ana maana ya hadithi ndefu iliyogawanywa katika miraba. Neno moja, vitu vitatu.

Neno kibonzo, ambalo Watanzania wengi hulitumia, lina faida ya kuingia katika ngeli ya KI-VI bila shida, nasi husikia ndani yake ule udogo ambao kiambishi ki- hupenda kuuleta. Udogo huo si tusi. Kibonzo ni kitu kidogo kinachosema neno kubwa. Si ajabu kwamba Masoud Kipanya, mchoraji mashuhuri wa Tanzania, amemweka panya mdogo katika michoro yake awe mtazamaji na msemaji: mdogo kwa umbo, mkali kwa ulimi.

II. Njia ya msanii

Gado alizaliwa mwaka 1969. Aliyekulia Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na 1980 alikuta sanaa hii imekwisha kuota mizizi katika Kiswahili. Chakubanga wa Christian Gregory alianza kuonekana katika gazeti la Uhuru mwaka 1967, mwaka ule ule ambao Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa kwa sheria. Baadaye likaja gazeti la Sani, ambamo wachoraji vijana kama Philip Ndunguru walijipatia jina. Kenya nako, Juha Kalulu wa Edward Gitau alikuwa amekwisha kuwachekesha wasomaji wa magazeti ya Kiswahili tangu miaka ya 1950. Jina hilo lenyewe lastahili kutazamwa. Juha amekuja na hadithi za Kiarabu, ambako ni mjinga mwenye werevu. Kalulu ni sungura katika lugha kadhaa za Kibantu, na sungura ndiye mjanja wa hadithi zetu. Katika maneno mawili mchoraji amemfunga mgeni na mwenyeji, mjinga na mjanja.

Huo ndio urithi uliomtangulia Gado. Yeye mwenyewe alianza kutoa michoro magazetini angali kijana wa shule. Akaingia Chuo cha Ardhi kusoma usanifu wa majengo, lakini hakukaa. Mwaka 1992 alikwenda Nairobi kuwa mchoraji wa magazeti ya Nation. Wakati ulikuwa mwafaka. Kenya ilikuwa imefuta sharti la chama kimoja mwezi Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika mwezi Desemba 1992. Jambo ambalo hapo awali lilikuwa la hatari, yaani kumchora mkuu wa nchi kwa mzaha, lilianza kuwezekana kidogo kidogo. Mwaka 2000 alikwenda Vancouver, Kanada, kusomea filamu za michoro. Mwaka 2007 alipata Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi. Mwaka 2016 magazeti aliyoyatumikia kwa zaidi ya miaka ishirini hayakuendeleza mkataba wake, na mwezi Mei mwaka huo alipewa mjini Geneva, pamoja na Zunar wa Malaysia, tuzo ya kimataifa ya wachora vibonzo. Tangu hapo ameendelea kuchora, hata katika gazeti jingine la Nairobi, akiwa amekwisha kujenga jina lisilotegemea mlango wa mhariri mmoja.

Wasifu huu umetosha. Tugeukie kazi.

III. Abunuwasi: hadithi ya picha

Mwaka 1996 kampuni ya Sasa Sema ya Nairobi ilichapisha kitabu cha Gado kiitwacho Abunuwasi. Kitabu hiki ni hadithi ya picha kwa Kiswahili, na kwa maoni yetu ndicho kinachowahusu zaidi wasomaji wa jarida hili, ingawa sicho kilichomletea msanii sifa kubwa nje.

Abunuwasi wa historia alikuwa mshairi wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid. Abunuwasi wa Kiswahili ni mtu mwingine. Hana diwani, ana hila. Tumemjua kwa masimulizi ya barazani na kwa vitabu vidogo vilivyosomwa mashuleni, naye hushinda siku zote kwa kulishika neno la mwenziwe na kulikaza mpaka likatike. Kila mtoto akijua kisa cha sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria, akairudisha pamoja na kisufuria kidogo, akasema imezaa. Mwenyewe akafurahi akakipokea. Alipoiazima mara ya pili hakuirudisha, akasema imekufa. Aliyekubali kwamba sufuria huzaa atakataaje kwamba hufa?

Hapa ndipo tunapoona kwamba chaguo la Gado halikuwa la bahati. Hila ya Abunuwasi na hila ya mchora vibonzo ni moja. Wote wawili huchukua usemi ambao watu wameuzoea hata hawausikii tena, wakautendea kana kwamba ni kweli tupu. Watu husema mtu fulani anakula rushwa; mchoraji humwekea sahani na kijiko. Husema ana mkono mrefu. Mchoraji huurefusha mkono mpaka ukavuka barabara. Husema amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mchoraji huileta chupa yenyewe. Kibonzo ni nahau iliyorudishiwa mwili wake. Na kama ni hivyo, Kiswahili, lugha iliyojaa nahau za viungo, vyakula na vyombo, ni shamba lenye rutuba kwa kazi hii, wala hakihitaji kuazima.

Tofauti kati ya kibonzo na hadithi ya picha ni ya wakati. Kibonzo kina mraba mmoja, na mambo yote hutukia mara moja. Katika hadithi ya picha wakati hupita katika nafasi iliyo wazi kati ya mraba na mraba, na msomaji ndiye anayeipitisha. Msimulizi wa jadi hunyamaza kabla ya kutoa jibu la Abunuwasi ili hadhira ishike pumzi. Katika hadithi ya picha kunyamaza huko hufanywa na nafasi hiyo tupu. Hatuna jina lake. Twaiita nafasi, au pengo, na mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi kwa nini ukurasa fulani unachekesha na mwingine hauchekeshi hulazimika kuzunguka sana.

IV. Tufe la chuma: kibonzo cha gazeti

Kazi iliyomfanya Gado ajulikane ni ile ya kila siku katika ukurasa wa maoni. Tuchukue mfano mmoja ambao wasomaji wengi wanaukumbuka. Mwezi Januari 2012 Mahakama ya The Hague ilithibitisha mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta na William Ruto kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007. Wote wawili waliyakana, na mwezi Machi 2013 wakachaguliwa kuwa Rais na Naibu Rais. Mashtaka ya Kenyatta yaliondolewa na mwendesha mashtaka mwezi Desemba 2014, na kesi ya Ruto ikasimamishwa mwezi Aprili 2016. Katika muda huo Gado aliwachora viongozi hao wakiwa wamefungwa mguuni tufe zito la chuma kwa mnyororo, kama wafungwa wa zamani. Walifanya kazi zao zote, walihutubia, walisafiri, nalo tufe likawafuata.

Ubora wa mchoro huu ni uchache wake. Tufe halisemi kwamba mtu ana hatia; lasema kwamba ana mzigo. Hata wafuasi wa viongozi hao hawakuweza kukana kwamba mzigo upo, maana hoja yao ilikuwa kwamba umewekwa isivyo haki. Mchoraji dhaifu angeliwavisha nguo za gerezani na hivyo kutoa hukumu. Gado aliwaacha katika suti zao, akaongeza kitu kimoja tu.

Mintarafu ya istilahi, mfano huu una jambo jingine. Wakati huo magazeti yetu yalikuwa bado hayajaafikiana hata juu ya jina la mahakama hiyo. Wengine waliandika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, wengine ya Uhalifu, wengine ya Makosa ya Jinai, na wengi wakaona ni nafuu kuziacha herufi tatu za Kiingereza kama zilivyo. Tufe la chuma lilipita juu ya tatizo hilo. Msomaji asiyejua jina rasmi la mahakama katika lugha yoyote alielewa.

Lakini si kila picha huvuka mpaka wa lugha kwa urahisi huo, na hapa twawaonya wafasiri. Tuseme mchoraji amemchora tembo amesimama katikati ya ukumbi wa mkutano, na wajumbe wanaendelea kunywa chai. Aliyelelewa katika Kiingereza huona mara moja usemi wa kwao kuhusu jambo kubwa lisilotajwa. Aliyelelewa katika Kiswahili huona tembo, akashangaa ameingiaje. Mfasiri aweza kubadilisha maneno yaliyo chini ya picha. Hawezi kumtoa tembo. Kwa hiyo swali la kwanza katika kufasiri kibonzo haliwi "maneno haya yana maana gani?" bali "picha hii imezaliwa katika nahau ya lugha gani?" Ikiwa imezaliwa katika lugha nyingine, afadhali mfasiri atafute neno la Kiswahili litakaloipa picha ile ile maana mpya iliyo karibu, kuliko kuifasiri nahau ya kigeni neno kwa neno na kumwachia msomaji kitendawili kisicho na jibu.

Hata mchezo wa neno waweza kupata mwenzake ukitafutwa. Kitabu kimoja cha vibonzo vya Gado kinaitwa Democrazy, jina lililounganisha demokrasia na wazimu kwa kugeuza herufi moja. Mfasiri mvivu atasema haliwezekani. Lakini Kiswahili kina ghasia, na ghasia imekaa karibu sana na mwisho wa demokrasia: demoghasia. Wazimu umepotea, fujo imeingia, na mlio umebaki. Hatudai kwamba hilo ndilo jina la pekee. Twasema tu kwamba neno lisitangazwe kuwa halifasiriki kabla ya kulitikisa.

Tukiri pia lawama yetu kwa msanii. Sehemu kubwa ya vibonzo vya Gado vya magazetini imeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya magazeti aliyoyafanyia kazi. Hilo laeleweka. Lakini limeleta mazoea ya kuandika vibandiko juu ya vitu: gunia linaandikwa kodi, shimo linaandikwa deni. Pale ambapo picha imekamata nahau, kama ilivyo kwa lile tufe, kibandiko hakihitajiki. Pale ambapo kibandiko kimezidi, mara nyingi ni kwa sababu picha haikuegemea usemi wowote unaoishi midomoni mwa wasomaji wake. Mchoraji aliyeandika Abunuwasi anazo silaha nyingine.

V. Vikaragosi vya mpira

Mwaka 2009 kipindi cha XYZ Show kilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Kenya. Ndani yake wanasiasa walikuwa vikaragosi vikubwa vya mpira, vyenye sauti za kuigizwa, vikizungumza Kiingereza, Kiswahili na Sheng kwa kuchanganya. Gado alichukua wazo hili kutoka Ulaya, nalo halikufichwa: Waingereza walikuwa na Spitting Image, iliyoanza mwaka 1984, na Wafaransa Les Guignols de l'info, iliyoanza mwaka 1988. Mchoro wa gazetini ulipata mwili, ukageuza shingo, ukasema.

Wako waliosema kwamba basi kazi hii ni ya kuazima. Jawabu liko katika neno letu wenyewe. Karagosi, ambalo kwalo tumepata kikaragosi, lina asili yake katika Karagöz, mhusika wa mchezo wa vivuli wa Kituruki, mtu wa kawaida mwenye mdomo mchafu anayewaumbua waliojikweza. Guignol wa Wafaransa naye alianza kama kikaragosi cha mtu wa kazi mjini Lyon mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo Gado alipowaendea Wafaransa kutafuta vikaragosi, Kiswahili kilikuwa na jina la jamaa yao siku nyingi. Tulichokosa ni mchezo, si neno.

Ila tu neno hilo nalo limechoka. Katika hotuba za siasa kikaragosi amekuwa kibaraka, mtu anayevutwa kamba na wengine. Na baadhi ya waandishi hulitumia kwa mchoro wa sura iliyotiliwa chumvi, yenye pua kubwa au masikio mapana. Matokeo yake ni kwamba sentensi kama "Gado amemfanya waziri kikaragosi" yaweza kuwa na maana tatu: amemchonga kwa mpira, amemchora kwa kumkuza pua, au amemtuhumu kuwa anatumiwa. Ya kwanza ni ufundi, ya pili ni mtindo, ya tatu ni shtaka. Hakimu, mhariri na mwalimu hawawezi kuridhika na sentensi hiyo.

Kuhusu lugha ya kipindi chenyewe, wako walioudhika kwa mchanganyiko wake. Sisi twaona kwamba katika dhihaka mchanganyiko una kazi. Mwanasiasa wa mpira anapoanza kwa Kiingereza cha mkutano na waandishi, akaingia Kiswahili anapoomba kura, kisha Sheng anapowabembeleza vijana, watazamaji hucheka kwa sababu wamemwona mwenyewe akifanya hivyo. Si kuharibu lugha, ni kushuhudia. Msanii hawezi kulaumiwa kwa kioo.

VI. Kashfa au tashtiti?

Tumefika kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Mwezi Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilizuia usambazaji wa gazeti la The EastAfrican. Sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa kwamba gazeti halikusajiliwa nchini. Hata hivyo watu wengi walilihusisha jambo hilo na kibonzo cha Gado kilichomwonyesha Rais Jakaya Kikwete kama mtawala wa kale katika starehe, amezungukwa na wanawake ambao kila mmoja alipewa jina la ovu, kama vile ufisadi na upendeleo.

Hatuna nia ya kurudia mabishano ya siku zile. Twataka kutazama maneno yanayotumika mabishano ya namna hiyo yanapozuka. Mtu aliyechukizwa husema: hii ni kashfa, huu ni utovu wa adabu, haya ni matusi. Mteteaji husema: huu ni utani tu. Hakuna hata mmoja aliyekitaja kitu kwa jina lake. Kashfa ni neno lenye uzito wa kisheria; kwalo twauliza kama jambo lililosemwa juu ya mtu ni kweli au uongo. Lakini kibonzo kile hakikusema kwamba Rais ana wanawake hao. Kilitumia tashihisi: maovu yalipewa miili ya watu ili ionekane jinsi mtawala anavyoweza kuyazoea na kustarehe nayo. Aliyesoma tashihisi kama habari amesoma vibaya. Wala utani hakikuwa, maana utani kwetu una watani wake na mipaka yake, na lengo lake ni kudumisha udugu. Kibonzo kile kililenga kurekebisha, na kililenga kuuma.

Jina la kitu hicho ni lipi? Hapa vitabu vyetu vyenyewe vinatofautiana. Waandishi wengi wa fasihi nchini Kenya huita tashtiti ile sanaa ya kuyadhihaki maovu ya jamii kwa nia ya kuyarekebisha. Lakini katika vitabu vingi vya fasihi vya shule za Tanzania, tashtiti ni swali linaloulizwa na mtu ambaye jibu analijua. Mwanafunzi wa Moshi na mwanafunzi wa Voi, wasiokaa mbali, watalijibu swali moja la mtihani kwa namna mbili, na wote wawili watakuwa wamefuata vitabu vyao. Wengine huandika dhihaka, wengine kejeli, wengine stihizai, na kila neno lina kivuli chake: dhihaka yaweza kuwa bila nia njema, kejeli hutegemea kugeuza maneno, stihizai ina dharau ndani yake. Lugha isiyo na jina moja lililokubaliwa kwa dhihaka yenye nia ya kurekebisha huwaachia watu wake majina mawili tu, mzaha na tusi. Kisichochekesha vya kutosha kuwa mzaha huhesabiwa tusi. Hivyo upungufu wa istilahi huweza kugeuka kuwa upungufu wa haki.

Hii haina maana kwamba kibonzo kile hakina kasoro. Kasoro yake kubwa, kwa maoni yetu, ni kuwatumia wanawake wawe miili ya maovu. Mazoea hayo ni ya kale katika sanaa ya Ulaya, na hayakuwa mazuri hata huko. Lakini hilo ni shauri la uhakiki, nalo laweza kujadiliwa hadharani na msanii akajibu. Tazama pia jinsi Kiswahili kingelikitajirisha kibonzo hicho. Fisadi katika kamusi za zamani ni mharibifu, na hasa yule anayeharibu wanawake. Maana ya kula mali ya umma imekuja kutawala baadaye. Kwa Kiswahili neno moja lingeliunganisha starehe na wizi bila kibandiko, na huenda wanawake hao wasingelihitajika. Neno lingelifanya kazi yote.

VII. Mapendekezo

Kutokana na uchunguzi huu twapendekeza yafuatayo, si kama hukumu bali kama msingi wa majadiliano:

1. Katuni libaki jina la jumla la sanaa hii yote, ikiwa pamoja na filamu za michoro, kama watu walivyolizoea.

2. Kibonzo litumike kwa mchoro mmoja wa gazeti wenye hoja, na mwenye kazi hiyo aitwe mchora vibonzo.

3. Hadithi ya picha litumike kwa masimulizi yaliyogawanywa katika miraba, kama Abunuwasi. Nafasi iliyo kati ya miraba iitwe kituo cha picha, kwa mfano wa kituo cha shairi. Duara lenye maneno ya mhusika liitwe kiputo.

4. Kikaragosi libaki kwa sanamu inayochezeshwa. Mchoro wa mtu uliokuzwa viungo uitwe sura-chumvi, kutokana na usemi wetu wa kutia chumvi. Anayetumiwa na wengine aitwe kibaraka, jina ambalo tayari analo.

5. Tashtiti liafikiwe baina ya mabaraza na wakuza mitaala wa nchi zetu kuwa jina la dhihaka yenye lengo la kurekebisha, na swali ambalo jibu lake lajulikana litafutiwe jina jingine. Kashfa liachiwe wanasheria.

Pendekezo la tano ndilo gumu, kwa kuwa lataka vitabu vya shule vibadilishwe, nasi twajua gharama yake. Lakini ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Mchoraji hujilinda kwa ufundi wake, na Gado ameonyesha kwamba anaweza kubadilisha gazeti na bado akabaki na wino. Msomaji naye ana haki ya kukasirika. Kazi ya lugha ni kuwapa wote wawili maneno sawasawa, ili mtumishi wa Serikali aandikapo barua kuhusu mchoro ujao aweze, kabla ya kutia sahihi, kujiuliza kama alichokiona ni kashfa au ni tashtiti, na awe na maneno mawili tofauti ya kujibia.